Turubai la Seti Kanti

Hansa alipopiga simu kusema anakuja Tabora, nilimkaripia mjukuu wangu bure kwa ajili ya sufuria iliyoungua, kisha nikaenda kukaa uani na ile simu mkononi. Sauti yake sikuitambua. Mtoto niliyemwacha ana miaka kumi na mitatu sasa ni bibi kama mimi, anaongea Kiswahili cha kutafutatafuta maneno, lakini aliposema "Tatu, shikamoo," nilijibu "Marahaba, mwanangu," kabla hata sijajua naongea na nani. Akaniambia baba yake alishafariki, na mama yake pia, kwamba atashukia Dar es Salaam na kupanda treni kwa makusudi, na Ijumaa atakuwa kwangu. "Nina neno moja la kukuuliza," akasema. Halafu akakata, au mtandao ulikata, hata sijui.

Neno lenyewe nilidhani nalijua. Mwaka ule uliofuata Azimio la Arusha nilifanya jambo lililomng'oa baba yake katika mji aliozaliwa, na katika walio hai ni mimi peke yangu ninayelijua. Nilikuwa na siku tatu za kuamua kama nitamwambia au nitakwenda nalo kaburini. Hapa Isevya watu wa rika langu wanalisimulia tukio lile misibani ili kuwachangamsha wafiwa, wanaliita siku nyuki walipompokea mgeni, na kila anayesimulia huongeza chumvi yake. Nami hucheka nao. Nimecheka zaidi ya miaka hamsini, na kucheka huko kumenichosha kuliko kulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshaolewa Kaliua na nimeshaachika, nimerudi Tabora na cherehani na uchungu wangu. Habari za ukoo naziacha, maana kila mzee akianza kusimulia huanza na babu wa babu, msikilizaji akasinzia kabla jambo halijafika. Inatosha mjue kuwa mjomba wangu, mzee Kassim, alikuwa fundi wa mahema. Baba yake alishonea misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Ujiji, yeye akawashonea maofisa wa kikoloni waliokwenda porini, na macho yalipoanza kumfa alitazama huku na huku nyumbani asione kijana mwenye subira, akanifundisha mimi. Watu walisema mkono wa mwanamke hauwezi kusukuma sindano kwenye turubai. Niliisukuma. Seti Kantilal, tajiri wa Kihindi mwenye duka la nguo karibu na soko, akanipa nafasi barazani kwake, pembeni ya mafundi wanaume waliokuwa wakishona suruali na kuninunia kutwa nzima. Wale walikuwa wakisubiri siku nitakayokosea, na nilijua hivyo, na jambo hilo mlishike kwa sababu ndilo lililoniponza.

Seti Kanti, kama mji ulivyomwita, alizaliwa Tabora na baba yake alifia Tabora. Alikuwa mtu mfupi mwenye hasira za karibu, asubuhi atakutolea neno kali na mchana atakuuliza mbona umenuna. Wakulima wakiingia dukani aliwawahi kwa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka," kabla wao hawajafungua mdomo. Alikuwa na gari alilolinunua kwa Mzungu mmoja aliyefungasha mizigo Uhuru ulipokuja: gari la wazi, rangi ya maziwa, paa lake si bati bali turubai jeusi lililoinuliwa juu ya mbavu za chuma, na likikunjwa lililala nyuma ya kiti ndani ya mfuko wake wenye vifungo. Mji mzima uliliita Kofia. Watu wakiona paa limekunjwa walisema, "Leo Kofia imevuliwa," wakajua kuna harusi mahali. Harusi za Wahindi, za Waarabu, za Wamoraviani, wote waliazima, na Seti hakumnyima mtu ili mradi arudishe gari limefutwa vumbi.

Kulitunza turubai lile ilikuwa kazi yangu, na utaratibu wake naujua hata mkiniamsha usingizini. Kwanza vumbi, kwa burashi laini ya nguo, ukifuata uzi, kwa kuwa vumbi la Tabora lina mchanga na ukilisugua ovyo linakata nyuzi. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche iliyokunwa, si sabuni ya unga, maana hiyo ya unga inakula ile dawa ya kuzuia maji. Unaosha kwa sponji taratibu, unasuuza mpaka povu liishe lote, la sivyo jua likipiga yanabaki madoa meupe ambayo hayaombewi msamaha. Dirisha la nyuma lilikuwa la plastiki, hilo unalifuta kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, usithubutu kikavu. Viungo vya mbavu unavipa tone moja moja la mafuta ya cherehani. Na turubai halikunjwi likiwa na unyevu hata kidogo, kwa sababu linaota ukungu, na ukungu ni kama umbea, ukishaingia nyumba hautoki. Mwisho, kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, unalipaka nta: mishumaa iliyoyeyushwa, ikaepuliwa, ikachanganywa na petroli mbali kabisa na moto. Mjomba Kassim alinionya hapo kwa kidole. "Nta ya mshumaa imekufa," alisema. "Nta ya nyuki iko hai. Usiipake kwenye kitu usichotaka kigeuke mzinga." Nilikuwa nikiijua maana yake vizuri tu. Huku kwetu mrina asali akichonga mzinga mpya huupaka nta ndani, akautundika mtini, akasema ameita. Miyombo inapochanua utasikia watu wakiulizana njiani, "Wewe umeshaita?" Anayeulizwa hujibu ameita mizinga kadhaa, sasa anasubiri wenyewe waje.

Kila siku saa saba mchana Mama Hansa, mkewe Seti, aliniita jikoni kula. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani. Sahani yangu ilikuwa ya bati yenye ukingo wa buluu, nayo ilitundikwa kwenye msumari wake, mbali na vyombo vyao. Nililiona hilo tangu siku ya kwanza, na lilinikera, na bado nilikula: chapati nyembamba kama karatasi, dengu, mbogamboga za bizari, achari ya ndimu iliyonitoa machozi. Sijui mtu anawezaje kupendwa na kutengwa katika jiko moja, lakini ndivyo ilivyokuwa, mama yule akiniongezea chapati ya tatu bila kuniuliza na akiishika ile sahani kwa ncha za vidole. Hansa alitoka shule akaja moja kwa moja kujibanza karibu nami, anataka nimfundishe kutarizi. Mama yake alimkemea kwa Kigujarati. Hansa hakuondoka.

Pale kwenye ngazi nilisikia mambo mengi. Mambo ya siri waliyasema kwa lugha yao, ila wakigombana Seti alirukia Kiswahili, akidai Kigujarati hakina maneno makali ya kutosha. Mwaka ule waligombana sana. Mabenki yalikuwa yamechukuliwa na serikali, redio kutwa inasema juu ya wanyonyaji, na vijana waliokuwa wakimwita Seti walianza kumwita "ndugu" kwa sauti ya kumdhihaki. Leseni yake ya biashara ilikuwa imekaa mezani kwa mtu miezi kadhaa bila kusogea, na bila leseni duka lingefungwa mwisho wa mwaka. "Tuondoke," Mama Hansa alisema mara nyingi, huku anasukuma chapati. "Kaka yangu yuko Uingereza, atatupokea." Seti akamjibu, "Niende Uingereza nikamwambie nani mwangaluka?" Mama Hansa hakucheka. Mimi nilicheka, nikajifanya nimepaliwa na dengu.

Mwezi wa kumi ikaja habari kuwa mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam atafika kwa treni kuhimiza watu wahamie vijiji vya ujamaa, na kamati ya mapokezi ikamjia Seti kuhusu gari. Sitasema walimwomba. Walimjulisha. Lakini Seti alifurahi kama mtoto wa Idi. Alitembea barazani kwenda na kurudi akisema wakimwona yeye mwenyewe kashika usukani mbele ya msafara, na mgeni kakaa nyuma anapunga mkono, yule mwenye leseni mezani atakumbuka kuweka sahihi. Kisha akasimama mbele ya cherehani yangu. "Tatu, mwanangu," akasema, "turubai liwe kama jipya. Hili si gari tena, ni barua yangu ya maombi." Nikamwambia aondoe wasiwasi.

Mishumaa haikuwepo. Niliitafuta sokoni, stesheni, kwa Waarabu, hakuna. Ningemwambia Seti, angeagiza kwa ndugu zake Dodoma na treni ingeileta kwa siku mbili. Lakini kumwambia kulimaanisha kumwambia mbele ya wale mafundi, na tayari nilikuwa nimesema aondoe wasiwasi. Nyumbani nilikuwa na donge la nta ya nyuki, la manjano, kubwa kama kichwa cha mtoto, tulilolitumia kupaka uzi wa mahema. Nilijidanganya kwamba petroli itaua harufu. Mjomba Kassim alikuwa amekaa chumba cha pili, haoni kitu, na aliposikia ninayeyusha aliuliza, "Mishumaa umepata?" Nikasema nimepata. Nilipaka siku mbili mfululizo, kwa mkono mwepesi, nikipasha kwa kiganja mpaka nta ikazama katika nyuzi. Turubai liling'aa. Nililimwagia maji yakateleza kama juu ya jani la magimbi. Seti akaja akapitisha kiganja, akainama akanusa. "Linanukia asali," akasema. "Ni sabuni mpya," nikajibu. Alitabasamu, akarudi dukani.

Mgeni alikuwa anakuja Jumamosi. Ijumaa mchana turubai lilikuwa limeshakauka na kukunjwa ndani ya mfuko wake, gari liko ua wa nyuma chini ya banda. Nilikwenda kulitazama mara ya mwisho nikakuta nyuki watano au sita kwenye mkunjo, wanaingia, wanatoka, wanapanda juu kidogo na kurudi. Hawakuwa na habari ya maua. Mtu wa Unyamwezi haambiwi: hao ni wapelelezi, wanaipima nyumba. Nilisimama nikiwatazama. Muda ulikuwepo. Ningelitandaza turubai, nikaliosha kwa maji ya moto, lingetoka limefifia na lina mabaka, Seti angefoka mpaka sokoni, wale mafundi wangepata walichokisubiri, na mambo yangeishia hapo. Badala yake niliwapunga kwa kanga wakaondoka. Nikafunga vifungo vya mfuko kimoja kimoja, ila kimoja kilikuwa kimekatika, pakabaki upenyo wa vidole viwili. Nikajisemea watapata mti huko nje. Jioni ile familia nzima ilikwenda kwenye maombi yao, ua ukabaki peke yake, na nadhani ndipo kundi lilipohamia. Hakuna aliyeliona.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ubaridi, na nyuki wakiwa kwenye baridi na giza hutulia. Seti aliliendesha gari mpaka stesheni amevaa suti nyeupe aliyoolea, hana habari. Mimi nilikuwa katikati ya wanawake waliovaa kanga za sare. Treni ilichelewa, jua likapanda, tarumbeta zikaanza. Mgeni akashuka, mtu mnene, mchangamfu, akapeana mikono na kila mtu. Hakukaa kwenye kiti. Ili watu wamwone alipanda akakaa juu ya turubai lililokunjwa, miguu kwenye kiti, akainua mkono. Gari lilikuwa halijaenda hata hatua ishirini. Nilimwona akijipiga shingoni mara moja, kama mtu aliyeumwa na mbu, kisha mara ya pili, halafu likatoka wingu jeusi chini yake na ule mvumo, jamani, mvumo ule siwezi kuusimulia. Watu wanaposimulia misibani huigiza mgeni anavyokimbia kuingia ofisi ya stesheni na kujifungia. Hawamsemi mama mmoja wa kikundi cha ngoma aliyekanyagwa akavunjika mkono, wala hawamsemi Seti, ambaye hakukimbia. Alibaki kwenye usukani, akavua koti lake la harusi akijaribu kumfunika nalo mtu ambaye hakuwepo tena. Alipotolewa pale uso wake haukuwa uso.

Hotuba haikusomwa. Mgeni aliondoka siku iliyofuata jicho moja limefumba. Hakufa mtu, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, lakini jioni ile ile neno "hujuma" lilikuwa limeshazunguka mji. Bombani, wanawake walianza kwa utani, mmoja akisema nyuki wana ujamaa kuliko sisi, wamefika kwenye mkutano wote kwa pamoja. Siku ya pili utani uliisha. Mhindi kafuga nyuki. Mhindi kanyimwa leseni, akalipiza. Mtu anayemsema hivyo ni mtu aliyeolewa katika Kofia mwaka mmoja nyuma. Askari wakaja kumchukua Seti saa saba mchana, mimi niko kwenye ngazi na sahani yangu, na Mama Hansa alibaki ameshika kijiti cha kusukumia chapati, haongei lugha yoyote.

Walimweka ndani siku nne. Siku ya pili akaja barazani mtu mmoja mpole, mwenye daftari, akawauliza mafundi, kisha akanifikia mimi. "Dada, wewe unamfanyia kazi. Ijumaa yeye mwenyewe alifanya nini na lile gari?" Nilikuwa nimeshapanga maneno usiku kucha. Nilikuwa niseme ni mimi, ni nta, haikuwa makusudi, nipelekeni kwa mrina asali yeyote atawaeleza. Sikuyasema. Wakati ule tulisikia kwamba anayehujumu haonekani tena, na mimi ni mwanamke asiye na mume wala mtu wa kumtetea, mjomba kipofu ananitegemea kwa kila tonge. Nikasema, "Sikuwepo." Akaandika. Ni neno moja tu, na kama ningesema "sijui" labda ningeweza kulirudia baadaye na kulirekebisha. Lakini kutokuwepo hakurekebishiki. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sijawahi kumwomba mtu anipe pole.

Seti alirudi. Hawakuwa na ushahidi, wakamwacha, ila leseni haikuja, na kila aliyemuuliza aliambiwa suala lake linaangaliwa. Mwezi wa kumi na mbili alianza kuuza majora ya nguo kwa bei ya kutupa. Siku moja kabla hawajaondoka alikuja akakaa kwenye kigoda mbele ya cherehani yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mafundi wengine walikuwa wameshahama. Uso ulikuwa umepona, umebaki na alama ndogondogo. "Tatu," akasema, kwa sauti ya chini, "turubai ulilifanyia nini?" Sikuinua macho. Nilikuwa napindisha ukingo wa shuka, nakumbuka uzi ulikuwa mwekundu. "Niliosha tu, Seti, kama siku zote." Alijipapasa zile alama usoni. Akasema, "Haya," akainuka, akaenda kumsaidia mkewe kufunga masanduku. Kesho yake sikwenda stesheni kuwaaga. Nilisema naumwa tumbo, na kweli niliumwa.

Na mkidhani yaliishia hapo, subirini. Duka lilikaa tupu miezi michache, kisha likafanywa la ushirika wa ushonaji, na waliotafuta kiongozi walisema nani anafaa kuliko yule mwanamke aliyekuwa akinyonywa barazani. Nikapewa chumba cha mbele. Nikapigiwa makofi. Nilisimama kwenye mkutano nikasimulia habari ya sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, na ilikuwa kweli, watu wakatikisa vichwa, nami nikajua kuwa naitumia kweli ndogo kuifunika kubwa. Chumba kile kilinilishia watoto niliowazaa baadaye. Mjomba Kassim alifariki miaka miwili baadaye, na siku moja kabla alinishika mkono akauliza ile nta ya uzi ilikwenda wapi, mbona siku hizi anapapasa haipati. Nikamwambia iliibwa.

Ijumaa Hansa akaja. Mjukuu wangu alimleta kutoka stesheni, mama mwenye mazungumzo ya taratibu, nywele nyeupe, viatu vya raba. Alikula wali na maharage kwa mkono, akamaliza, akanawa, akamsifu mpishi. Niliendelea kumwongezea chai ili asianze. Hatimaye akakiweka kikombe chini. Nilimngoja aniulize nani aliyeleta nyuki, na bado nilikuwa sijaamua. Hakuuliza hivyo.

"Tatu," akasema, "wewe ulikuwa jikoni siku zote. Baba alikueleza kwa nini alifanya vile?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza alifanya nini.

"Ule ukatili. Kumkalisha mtu juu ya nyuki." Alisema bila hasira, kama mtu aliyelizoea jambo. Akaniambia Ijumaa ile, kabla mgeni hajaja, alimsikia baba yake akicheka na kumwambia mama, waache wakalie turubai, wakishakalia watajua. Alikuwa mtoto, akaliweka moyoni. Walipofika Uingereza akamuuliza. Baba yake akasema ni mbavu za chuma, zinachoma makalio, alikuwa anatania. Hakumwamini. Mama yake naye hakumwamini sana. Kaka yake Dilip, aliyekuwa anasoma Dar es Salaam na kungojea kurithi duka, hakumwamini hata kidogo. Dilip aliacha kuongea naye, na siku ya kuuchoma mwili wa baba, kama dini yao inavyotaka, hakuja. "Miaka yote alikuwa anafanya kazi kiwandani, zamu ya alfajiri," Hansa akasema, "na anarudi kwenye nyumba ya watu wanaomwona mwongo. Alipokuwa mahututi aliniambia nimuulize fundi wa barazani. Nikadhani anaweweseka."

Mbavu zile mimi ndiye niliyemwambia zinachoma. Nilimwambia asubuhi ya Ijumaa ile, nikipaka mafuta kwenye viungo, tukacheka wote wawili. Miaka hamsini nilijihesabia kosa la kumtoa mtu Tabora, nikajipa na unafuu kwamba angalau aliondoka na watu wake. Kumbe watu wake ndio niliomnyang'anya.

Nikamwambia. Nilianza na mishumaa, nikaenda mpaka "sikuwepo," sikuruka kitu, hata chumba cha mbele nilikitaja. Hansa alikuwa akitazama mikono yangu. Nilipomaliza akauliza kwa nini sikusema.

"Niliogopa, mwanangu."

"Mimi pia niliogopa," akasema. "Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wewe ulikuwa mtu mzima."

Hakulia, na mimi sikuthubutu kulia mbele yake. Alimwomba mjukuu wangu karatasi, mtoto akamletea daftari la shule lenye mistari, akalisogeza mbele yangu pamoja na kalamu. Akasema Dilip yu hai, ana ugonjwa wa moyo, na maneno ya dada yake hatayaamini, atasema ni huruma ya mtoto wa kike kwa baba yake. "Andika wewe. Kwa mkono wako. Weka jina." Nilimwambia mkono umezeeka, unaandika polepole. Akasema atasubiri.

Dilip, baba yako hakuweka nyuki kwenye gari lile, hakumtuma mtu, na hakujua. Nta niliipaka mimi, Tatu binti Maganga, fundi wa barazani kwenu, na waliponiuliza nilisema sikuwepo. Nilikuwepo.